Majoho ya Kola ya Njano

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na tisa, mwezi wa nane, Dobi akiwa ameinama juu ya karai anasuuza majoho ya kwaya. Asubuhi hiyo lori la polisi lilikuwa limepita barabarani na askari wote wa kituo, wamevaa magwanda ya sherehe, wanakwenda kumlindia mheshimiwa jiwe la msingi la daraja. Daraja lenyewe halipo mpaka leo. Jiwe lipo, na jina la mheshimiwa limechongwa juu yake kwa herufi za dhahabu. Mji ukabaki bila hata mtu mmoja wa kupuliza filimbi. Na wiki nzima kabla ya hapo gari la matangazo lilikuwa limezunguka mitaani likiwaambia watu kwamba wako wageni waliokalia biashara zao na kuitukana dini yao. Waliosikia walikuwa wengi. Waliolipwa mshahara ili wayazime maneno yale walikuwa na sherehe.

Dobi na mkewe walikuwa watu wa kanisani, ingawa Dobi mwenyewe hakuwa wa kila Jumapili. Mkewe, Mama Dobi, alisali kwa ajili ya wote wawili. Ng'ambo ya ua, chumba kinachotazamana na kamba za nguo, aliishi Fundi Saa na mkewe na binti yao. Wao walikuwa watu wa msikitini. Miaka yote wanaume wawili hawa walianza siku kwa kutaniana, na asubuhi hiyo haikuwa tofauti.

"Wewe bwana unaishi kwa uchafu wa watu," Fundi Saa alisema akitoka, kofia bado iko mkononi.

"Na wewe kwa kuchelewa kwao. Ukitoka kusali unipitishie mche wa sabuni."

"Pesa?"

"Mungu atakulipa. Si ndiye unayekwenda kumwona?"

Fundi Saa alicheka akaenda. Alikuwa mtu mfupi, mwepesi, na alitembea kama anayewahi kitu, jambo ambalo mkewe alisema ni aibu kwa mtu mwenye saa ukutani zaidi ya thelathini.

Dobi alirudi kwenye majoho. Yaliletwa na Besi, mchinjaji wa machinjioni ambaye kanisani aliimba sauti ya nne. Hakuna aliyekuwa anamwita kwa jina jingine, na mizigo ya majoho aliiacha langoni bila kuingia uani. Yote yalikuwa meupe, yana msalaba wa bluu kifuani, ila kola zilikuwa za rangi mbili. Kwa Dobi, kola nyekundu zilikuwa na maana moja tu, kwamba zinachuja. Ukizifua pamoja na nguo nyingine unamrudishia mwenye kwaya majoho ya waridi. Kwa hiyo alizitia peke yake kwenye pipa la maji ya chumvi ili rangi ishike, zilale humo mpaka Jumamosi jioni. Zile za njano hazikuwa na matata. Zilikuwa tayari zimekauka, zimetiwa wanga, zimepigwa pasi, zimening'inia ndani.

Moshi ulionekana upande wa msikitini kabla kelele hazijafika.

Walionusurika walieleza baadaye. Vijana walingoja watu wasujudu, wakafunga mlango mkubwa kwa mnyororo, wakarusha chupa za petroli kupitia madirishani. Aliyeruka dirishani alipokewa na mapanga. Mwadhini, mzee mpole aliyekuwa akiwasalimia hata watoto wachanga migongoni mwa mama zao, walimshika miguu wakamburuta kwenye lami mpaka kanzu ikaisha mwilini, kisha ngozi ikafuata. Mmoja wa waliomburuta ni kijana aliyefundishwa kusoma na mzee huyo huyo, barazani kwake, bure. Kijana alikuwa analia huku anavuta. Hakuachia.

Fundi Saa alitokea juu ya ukuta wa nyuma. Alianguka juu ya mashuka ya nyumba ya wageni, kamba ikakatika, akaenda chini nayo. Alipoinuka mashuka yalikuwa mekundu. Kipande cha ngozi ya kichwa, pamoja na nywele zake, kilikuwa kimeshuka kikafunika sikio, naye alikuwa anajaribu kukirudisha juu kwa kiganja kama mtu anayeweka kofia sawa.

"Sabuni sikupata," alimwambia Dobi. Halafu akaanguka tena juu ya mashuka.

Mke wa Fundi Saa alikwisha kutoka chumbani na binti yao. Mama Dobi alitoka jikoni, akaona, akafunga lango kwa komeo na kumshika mwenzake mkono.

"Ingieni stoo. Ya nguo chafu. Upesi!"

"Dada, tutawaletea balaa."

"Balaa limekuja lenyewe, halikuwangoja ninyi. Ingia!"

"Na wakipekua?" Dobi aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa huuliza.

"Wapekue soksi za mji mzima? Wakiweza na wazipekue," mkewe akamjibu, akachana foronya ya nyumba ya wageni kwa meno na kuanza kumfunga Fundi Saa kichwa.

Walifika kabla Dobi hajamaliza kuosha damu sakafuni. Hawakubisha. Lango lilikuja ndani na bawaba zake, na nyuma yake vijana wasiopungua ishirini, wengine Dobi aliwajua mpaka vipimo vya shingo zao. Mbele yao alikuwa Muuza Vocha, kijana wa kibanda cha kona, ambaye kila mwisho wa wiki alileta shati lake la kitambaa kizuri na kusisitiza kola isimame.

"Mzee Dobi, shikamoo," alisema. Panga lilikuwa mkononi.

"Marahaba."

"Jirani yako yuko wapi?"

"Wamekimbia. Mlipoanza tu, wakatoka mbio."

"Wamekimbilia wapi?"

"Mtu akikimbia anaaga?"

Kijana mmoja nyuma alicheka. Muuza Vocha hakucheka. Alimpiga Dobi kibao, kibao cha baba kwa mtoto, na Dobi alikuwa na umri wa kumzaa. Wakati huo wenzake walikuwa wamevunja chumba cha Fundi Saa. Walitoa kitanda, sufuria, mkeka wa kusalia, kisha saa. Walizitupa uani moja moja wakishindana nani atavunja kubwa. Walipozirundika na kuzitia moto, baadhi zilianza kulia kengele ndani ya moto, moja hapa, moja pale, kama vile kuna mtu anatakiwa kuamka.

Dobi alitazama chini. Muuza Vocha akamfuata macho, akaona maji ya damu yanayotiririka kuelekea mfereji.

"Hii nini?"

"Rangi. Kola nyekundu zinachuja. Nenda kaangalie pipani."

Ulikuwa uongo mzuri na karibu ungefaa. Kijana mmoja alikwenda, akachungulia pipa, akasema kweli kuna nguo za kanisa humo. Lakini Muuza Vocha alikuwa amekwisha kuona pasi. Ilikuwa mezani, pasi ya mkaa, imejaa makaa mekundu, maana siku ya kazi Dobi hakuiacha ipoe.

"Lete mkono."

Walikuwa wanne kumshika. Waliulaza mkono wake wa kulia juu ya meza, ule wa kazi, juu ya shuka lililokuwa linangoja kunyooshwa, na Muuza Vocha akaiweka pasi juu ya kiganja kilichogeuzwa chini, taratibu, kama anayenyoosha mkunjo.

"Wako wapi?"

Dobi alilia kama mtoto, na hakuna aibu katika hilo. Alilia, akajikojolea, akamwita mama yake aliyekufa zamani. Neno "stoo" halikutoka. Ndani ya stoo, chini ya mashuka na soksi na ovaroli za gereji, Fundi Saa alisikia na akaanza kuinuka ajitoe. Mkewe alimng'ata kanzu mgongoni kwa meno akamshikilia, mikono yake yote miwili ikiwa imeziba masikio ya binti.

"Mwacheni!" Mama Dobi alipiga kelele. "Mna mama ninyi? Mlizaliwa na nani, na makaa?"

Mmoja alichukua sufuria ya wanga akammwagia kichwani. Ukamshuka usoni mweupe na mzito, na wote wakaangua kicheko, na kicheko ndicho kilichowachosha. Hawakuwa na hamu tena. Nyumba ya jirani ilikuwa na televisheni.

Mlangoni Muuza Vocha alisimama akageuka.

"Na shati langu?"

Akalitafuta mwenyewe kwenye misumari ukutani, akalipata, akaangalia kola kama imesimama vizuri, akalikunja juu ya mkono wake ule usio na panga.

"Kesho jioni tunapita nyumba kwa nyumba na petroli," alisema. "Tukikuta hata harufu yao hapa, mnakwenda pamoja."

*

Kwa hiyo ilikuwa lazima watoke kabla ya jioni ya Jumamosi, na pa kwenda palikuwa pamoja tu. Ng'ambo ya reli kulikuwa na kambi ya jeshi, na habari zilizopenya mitaani zilisema wanajeshi wamefungua geti na kupokea watu. Kati ya ua wa Dobi na geti hilo palikuwa na barabara moja na kizuizi kimoja, pale reli inapokatiza.

Asubuhi walikaa stoo, wote watano, wakinong'ona. Mkono wa Dobi ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha mafuta ya kupikia, umevimba ukubwa wa buti. Yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Kuna majoho."

"Majoho gani?" mkewe akauliza, ingawa alijua.

"Ya kwaya. Leo Jumamosi, wana mazoezi. Watu wenye majoho barabarani nani atawagusa?"

Mama Dobi alijifuta wanga uliokuwa umekauka kwenye nyusi.

"Nguo za watu hizo, baba. Ni amana. Tangu tufungue kazi hii hujawahi hata kujaribu suruali ya mteja."

"Najua."

"Wakijua hatupati tena nguo hata ya mtoto mchanga."

"Mama, najua. Unataka nifanyeje?"

Mke wa Fundi Saa alikuwa anatazama msalaba wa bluu kwenye joho lililoning'inia mlangoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na maneno hayo machache aliyatoa kwa shida.

"Nivae hiyo?"

"Uvae tu, dada."

"Kifuani kwangu? Jana wamemuua mwadhini wetu kwa jina la msalaba huo."

Mama Dobi aliugusa ule msalaba kwa kidole.

"Sina la kukwambia," alisema. "Hata mimi leo nauona vingine. Lakini ungekuwa wewe ndiye unanificha, ukaniambia nivae buibui ili nipone, ningevaa mawili, moja juu ya jingine, na la tatu ningebeba mkononi."

Mke wa Fundi Saa alicheka. Kilikuwa kicheko cha pumzi tu, na kikageuka kilio, lakini kilitosha. Akamtazama mumewe.

"Vaa, mama," Fundi Saa akasema. "Mungu ametuona tangu jana tukiwa uchi kabisa. Leo ndio ataanza kutazama nguo?"

Wakavaa. Dobi alibaki na shati lake, maana mkono ule haukupita kwenye joho wala haukuweza kushika kitu, kwa hiyo mkewe ndiye aliyeyashusha majoho. Yale ya pipani yalikuwa yameloa, hayavaliki. Yaliyokuwa makavu ni ya kola ya njano, na humo alitafuta mawili ya wanawake, lake na la mwenzake, la mtu mfupi, la mtoto. Lililomfaa Fundi Saa lilimkaa kama lilikatwa kwa ajili yake. Bendeji kichwani waliifunika kwa kofia ya sufi. Dobi alizunguka akimkagua, kama anavyokagua kila nguo kabla mteja hajaichukua: wanga sawa, mikunjo sawa, hakuna doa. Alitikisa kichwa kuridhika. Kola ilikuwa safi. Kwa dobi kola ikiwa safi imekwisha. Rangi yake ni habari ya sabuni na chumvi, hakuna jingine la kuiangalia.

*

Barabara ilikuwa imetapakaa viatu. Palipo na miili walipita kando, na Mama Dobi alimshika binti kichwa akakigeuzia tumboni kwake. Mbwa walikuwa kazini. Mbele ya duka la nguo palikuwa na sanamu za plastiki zimelala uchi, na kati yao mmoja hakuwa wa plastiki.

Kizuizi kilikuwa ni magogo ya mataruma ya reli na friji mbovu. Vijana kumi hivi walikuwa wamekaa juu yake wanakunywa soda za kuporwa, na aliyesimama katikati, mkubwa kama kabati, na aproni yake ya machinjioni, alikuwa Besi.

"Mama Dobi!" sauti yake ilitoka chini kabisa kama ya ngoma. "Tangu lini uko kwaya?"

"Tangu jana. Nimemwagiwa upako."

Vijana walicheka, habari ya wanga ilikuwa imeenea. Besi naye alitabasamu.

"Na wewe, Dobi? Mkono umefanyaje?"

"Pasi," Dobi akajibu. Haukuwa uongo.

"Na hawa?"

"Wageni wa kwaya. Wametoka parokia ya bondeni," Mama Dobi akasema. "Tunawahi mazoezi, baba. Mwalimu ana kelele, unamjua."

"Mazoezi ni ukumbini. Hii njia ya kambini."

"Leo ni kambini. Wanajeshi wanataka ibada kesho. Kwani hukuambiwa?"

Besi alikunja uso. Hakuwa ameambiwa, na mtu wa sauti ya nne hapendi kupitwa na habari za kwaya. Alitafuna jambo hilo. Kijana mmoja akasema, "Basi waimbe tusikie," na wengine wakadakia kwa kugonga mapanga kwenye friji: waimbe, waimbe.

Mama Dobi alitafuta mstari wa kwanza kichwani, haukuja. Aliyeanza ni binti. Ukuta wa chumba chao ulipakana na ukumbi wa mazoezi, na jioni zote za maisha yake alilala akisikiliza kwaya ikirudia mstari ule ule mpaka mwalimu aridhike. Aliimba akitazama vidole vya miguu yake. Aliimba ubeti wa kwanza na wa pili, pamoja na ile sehemu ya katikati ambapo mwalimu hugomba kila mara. Mmoja wa vijana aliteremsha chupa ya soda. Mwingine, panga mapajani, alianza kuitikia chini chini. Besi mwenyewe midomo ilimcheza, maana sehemu yake ilikuwa inakaribia, na hakuweza kujizuia. Akaingia na sauti yake nzito, akaibeba ile ya mtoto kutoka chini kama mtu anavyombeba mtoto mabegani. Kwa muda mfupi hapakuwa na mtu mbaya pale kwenye reli.

Ilipofika zamu ya sauti zote za kiume, Besi aligeuka kumtazama Fundi Saa ili waingie pamoja. Hapo akaona kola.

Akanyamaza katikati ya neno.

"Wewe," alisema. "Mwanaume mzima. Kola ya njano?"

Dobi hakuelewa. Alitazama kola, akaona ni safi.

"Njano ni wanawake," Besi akasema, taratibu, kama anajifundisha mwenyewe. "Sauti ya kwanza na ya pili. Wanaume ni nyekundu. Hata parokia ya bondeni. Hata kwa Papa." Akanyoosha mkono akang'oa kofia ya sufi, na bendeji ikaja nayo.

Mtu wa kwanza kupiga hakuwa Besi. Ni yule aliyekuwa anaitikia. Alimpiga Fundi Saa kwa bapa la panga mdomoni na meno yakatoka na sauti. Fundi Saa alianguka juu ya reli, lakini alianza kusema kabla hajafika chini, kwa haraka yake ile ile ya siku zote.

"Nimeiba! Nimeiba joho! Huyu mama nimemshikia kisu, nikamwambia anivushe. Hawa siwajui. Huyo mwanamke na mtoto ni wa kwao, siwajui mimi. Si mmesikia mtoto anaimba? Wa kwetu anajua nyimbo zenu?"

Besi alimtazama mke wa Fundi Saa. Swali lilikuwa usoni mwake, halikuhitaji kutamkwa. Mwanamke yule alisimama na msalaba kifuani, mikono imening'inia, akamtazama mumewe akiwa chini kama vile ni mtu amemwona leo kwa mara ya kwanza. Kitu hicho alikifanya kwa sababu aliombwa kwa macho. Hakuna adhabu ambayo serikali yoyote imewahi kubuni inayofikia hiyo.

"Ondokeni," Besi akasema.

Mama Dobi aliwashika mikono, mama huku, binti kule, akaanza kwenda. Binti alitaka kugeuka. Mama Dobi akaanza kuimba. Hakuwa na sauti, hakuwahi kuwa nayo, aliimba kama mtu anayefukuza kuku, kwa nguvu zote, ili kinachotokea nyuma kisifike kwenye masikio yale madogo. Kilifika. Mapigo yana sauti yake.

Dobi hakwenda nao. Alibaki amesimama, kisha akajikuta anamlalia Fundi Saa kwa juu, mwili juu ya mwili, mkono uliovimba umeinuliwa juu hewani usiguswe.

"Mfupi huyu!" alikuwa anapiga kelele, hata hakujua anasema nini. "Joho lilimtosha! Kosa ni langu mimi, jamani, lilimtosha!"

Walimvunja mbavu kwa teke, halafu taruma likamshukia shingoni, na kwake siku ikaishia hapo.

Mama Dobi aligeuka mara moja tu, walipofika getini. Kwenye kizuizi lilikuwa limesimama gari la kituo, na Mkuu wa polisi mwenyewe alikuwa anashuka, na gwanda lake lililonyooka vizuri. Alilijua gwanda lile; alilitia wanga kwa mkono wake. Akamwambia mwenzake, na wakati huo aliamini:

"Mkubwa amefika. Atamtoa. Dada, atamtoa."

*

Dobi aliokotwa jioni na wanajeshi, mtaroni. Fundi Saa hakuokotwa. Hakuwa mtaroni, hakuwa kwenye reli, hakuwa hospitali. Trekta la taka la manispaa lilikusanya miili ya barabarani na kuizika shimo moja, na msimamizi alipoulizwa na mke wa Fundi Saa kama alimwona mtu mfupi mwenye joho la kola ya njano, alisema yeye hakuagizwa kutazama kola.

Kisha wakubwa walikuja. Walikuja na magari, na viti vyao, na maji yao ya chupa. Walisema watu wachache wamepoteza maisha kutokana na kutoelewana. Mkuu wa polisi alisimama mbele ya kipaza sauti akaeleza kwamba Ijumaa na Jumamosi zote alikuwa kwenye msafara wa mheshimiwa, na kwamba taarifa za vizuizi ni uvumi. Muuza Vocha alikuwa mstari wa mbele anapiga makofi, na shati lake. Besi hakuonekana. Walisema anakunywa, na kwamba kwaya imepata mtu mwingine wa kuimba nne.

Kanisa lilipeleka majoho kwa dobi mwingine. Wateja wengi walifuata. Mama Dobi alikuwa amelisema hilo mapema, na hakumkumbusha mumewe. Mke wa Fundi Saa na binti walirudi kutoka kambini wakahamia stoo, maana chumba chao hakikuwa na mlango wala paa, na nguo chafu za kujaza stoo hazikuwepo tena. Kila jioni mwanamke yule alipika. Kila jioni alifunika sahani moja kwa sahani nyingine. Wanawake wa msikitini walikuja kumwambia afanye vile wajane wanavyofanya, akae eda, ajitenge. Wengine wakamwambia hapana, hujaona maiti, utamwita mume mfu vipi? Alisikiliza pande zote mbili. Kisha akaenda kufunika sahani.

Asubuhi moja askari kijana alileta furushi la nguo za Mkuu. Mkuu hakuwa amehamia kwa dobi mwingine; ama hakujua kuwa wengine wamehama, ama hakuna aliyemwambia. Mke wa Mkuu alikuwa safarini, askari akakomba kila alichokuta chini ya kitanda. Dobi hakuweza tena kufua, vidole vilikuwa vimeshikana, kwa hiyo Mama Dobi ndiye aliyezitawanya mezani. Suruali, soksi, na gwanda lile lile la siku ya kizuizi, ambalo lilikuwa limekaa muda mrefu, limekakamaa. Mbele yote, kuanzia kifuani mpaka tumboni, na mikono yote miwili ndani ya viwiko, lilikuwa limekauka damu.

"Baba," alimwita mumewe.

Dobi alitazama. Damu haikuwa ya matone. Haikuwa ya kurukiwa. Ilikuwa imeloweka pale ambapo mtu hukumbatia.

"Kambeba," Dobi akasema.

"Kambeba kumtia garini ampeleke hospitali? Au kambeba kumtupa?"

"Mimi nitajuaje, mama?"

Mke wa Fundi Saa alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Alikuja, akaligusa gwanda kwa ncha za vidole, akanusa vidole. Kisha akalikunja vizuri, akalitia kwapani, akaenda kuvaa viatu.

Kituoni waliwekwa benchi, wote wanne. Askari wa kaunta alisema Mkuu ana kikao. Wakakaa. Akasema Mkuu ametoka. Wakakaa, na gari lake likionekana dirishani. Akamuuliza Mama Dobi kama wamekuja kudai pesa ya kufua, wapewe waende zao. Wakakaa. Binti alilala mapajani mwa Dobi. Mlango wa ndani ulipofunguka hatimaye, Mkuu alitoka anacheka na mtu, mwili wake mnono umenyooka, akawaona, akajua nyuso, na kicheko kikabaki mdomoni bila kazi.

"Mama Dobi! Nguo zangu tayari?"

Mke wa Fundi Saa aliinuka kabla ya wote. Akalikunjua gwanda juu ya kaunta, kifua juu, mikono akaitandaza kulia na kushoto, akailainisha kwa kiganja. Askari waliokuwa wanaandika waliacha kuandika. Mkuu alitazama gwanda. Akatazama mlango. Akalegeza ukosi wake kwa kidole.

"Bibi," alisema, "hii ni ofisi ya serikali."

"Ndiyo, mheshimiwa, ndiyo maana nimekuja," mwanamke yule akasema. Hakupaza sauti. "Sikushitaki. Sijui kushitaki. Mimi nina neno moja tu, wewe ndiye wa mwisho kumshika. Nianze eda, au niendelee kumfunikia chakula?"